Dripu ikitolewa, dawa ya kemo bado imo mwilini mwa mtoto

Mhariri,

Mtoto mwenye saratani anapochomolewa dripu ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, mara nyingi mzazi huambiwa, "Haya, dawa imeisha." Iliyoisha ni ile ya kwenye chupa. Iliyoingia mwilini ndiyo kwanza inaanza safari ya kutoka. Nyingine huvunjwavunjwa na ini, nyingine huchujwa na figo, nyingine hupita kwenye nyongo ikatoka na choo. Safari hiyo huchukua saa kadhaa kwa dawa moja na siku kadhaa kwa nyingine, na mara nyingi haijafika mwisho mtoto akiwa tayari yuko nyumbani, Umoja au Githurai au Kawangware, ambako hakuna muuguzi wa kumwangalia. Sisi tunaowahudumia watoto hawa, upande wa famasia na upande wa wodi, tunaomba nafasi katika ukurasa wako tueleze njia hizo za kutokea, maana makosa mengi yanayoweza kuzuiwa hutendeka hapo.

Tuanze na dozi. Wapo wanaodhani mtoto hupewa dozi ya mtu mzima iliyogawanywa kwa kilo zake. Sivyo. Ukilinganisha na uzito wa mwili, ini la mtoto wa miaka mitatu au minne ni kubwa kuliko la mtu mzima, na kwa kila kilo dawa nyingi huondoka kwake kwa kasi zaidi. Ukimpimia kwa kilo peke yake, utampunja. Kwa sababu hiyo dozi nyingi za kemo hupimwa kwa eneo la mwili, yaani ukubwa wa ngozi inayoufunika. Unachukua kimo kwa sentimita, unakizidisha kwa uzito wa kilo, unagawanya kwa 3600, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa kilo 16 mwenye kimo cha sentimita 100 ana mita ya mraba 0.67. Vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, ambayo kwa kawaida ni miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba, itakuwa miligramu 1 kwake.

Kwa mtoto mchanga hesabu hiyo hiyo inakuwa hatari. Figo za mtoto aliyezaliwa karibuni huchuja kama theluthi moja tu ya zinavyochuja za mtu mzima, au chini ya hapo, na huchukua mwaka mmoja hadi miwili kufikia kiwango kamili. Vimeng'enya vya ini, vinavyovunja dawa, navyo bado ni vichanga, ilhali ngozi yake ni nyingi ukiilinganisha na kilo zake. Chukua mtoto wa kilo 6 na sentimita 60. Kwa eneo la mwili atapimiwa vinkristini ya miligramu 0.47. Kwa kilo, yaani miligramu 0.05 kwa kila kilo, atapata 0.3. Tofauti hiyo ni zaidi ya theluthi, na kwa mwili usioweza kuitoa dawa haraka inatosha kumuumiza. Kwa hiyo watoto wa chini ya mwaka mmoja, au wa chini ya kilo 10, hupimiwa kwa kilo katika miongozo mingi. Mzazi akiona mtoto anapimwa uzito na kimo kila anaporudi kliniki, asinung'unike. Na amvue viatu na sweta kabla hajapanda mizani.

Kuna jambo jingine ambalo mizani hailioni, nalo ni utapiamlo. Uvimbe wa saratani ya figo ya Wilms unaweza kuwa mzito kiasi cha kuficha mtoto aliyekonda. Kilo zake zinaonekana za kuridhisha kumbe sehemu ya kilo hizo ni uvimbe. Utepe wa kupima mkono wa juu husema kweli zaidi: kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Mtoto huyo anaweza pia kutudanganya kwenye kipimo cha damu. Kreatinini, inayotumika kukadiria kazi ya figo, hutokana na misuli, na mtoto asiye na misuli huwa na kreatinini ya chini hata figo zake zikiwa zinalegea. Anayesoma tarakimu bila kumtazama mtoto atasema figo ni nzima.

Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwapima watoto wenye uvimbe wa Wilms waliokuwa na utapiamlo, wakagundua kwamba vinkristini iliondoka mwilini mwao polepole kuliko kwa watoto wa Uingereza waliolishwa vyema. Upande wa pili kuna utafiti wa watoto Wakenya wenye saratani uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulionyesha kwamba takriban watoto 9 kati ya kila 10 wana jeni ya kimeng'enya CYP3A5 kinachofanya kazi kwa nguvu. Kimeng'enya hicho huivunja vinkristini, na madhara ya neva yalikuwa machache kwao. Yaweke mambo haya mawili pamoja. Jeni inamharakishia mtoto dawa, njaa inamcheleweshea. Watoto wawili wanaweza kulala kwenye vitanda vilivyopakana, wana umri mmoja na kilo sawa, na bado dozi moja ikawa kidogo kwa mmoja na nyingi kwa mwenzake. Tunaamini hospitali zetu zinapaswa kumhesabu mtaalamu wa lishe kuwa sehemu ya timu ya dozi, kuanzia siku ya kwanza, si mtu wa kuitwa mtoto akishazidiwa.

Sasa tuje kwenye methotreksati, dawa nyingine ya kemo, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tuandike. Inapotolewa kwa dozi kubwa kupitia mshipa, asilimia 80 au zaidi hutoka na mkojo kama ilivyoingia. Figo ndizo zinazobeba mzigo wote. Mkojo ukiwa na asidi, dawa hii haiyeyuki vizuri. Huganda kuwa chembechembe ndani ya mirija ya figo na kuiziba. Figo zilizoziba haziwezi kuitoa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuchoma uboho, mdomo na utumbo. Mtoto anapata vidonda mdomoni hadi hawezi kumeza mate, seli nyeupe za damu zinashuka, na dawa iliyosababisha hayo bado imo.

Kwa hiyo maji hutangulia dawa. Kiasi cha kawaida ni lita 3 kwa kila mita ya mraba kwa saa 24. Kwa yule mtoto wetu wa kilo 16 ni lita 2, kama mililita 83 kila saa, mchana na usiku. Ndani yake huwekwa bikaboneti ya sodiamu ili kupunguza asidi ya mkojo. Kila mtoto akikojoa, mkojo hupimwa kwa kijiti cha rangi, na dawa haianzishwi hadi pH, kipimo cha asidi, ifike 7. Ikishuka chini ya hapo katikati ya tiba, bikaboneti huongezwa papo hapo. Mama anayelala na mtoto wodini ana kazi kubwa hapa: kupima mkojo kwa jagi, kuandika kiasi na saa, na kutosema "amelala, nimwache" ikifika saa nane za usiku. Soda za kola na vidonge vya vitamini C viachwe siku hizo, kwa kuwa huweza kuongeza asidi kwenye mkojo.

Kisha inakuja leukovorini, ambayo katika miongozo mingi huanza kati ya saa 36 na 42 tangu methotreksati ilipoanza, halafu kila baada ya saa sita. Watu wengi hudhani inasafisha methotreksati. Haiisafishi. Inazipa seli nzima za mwili ile foleti, aina ya vitamini B, ziliyonyimwa na methotreksati, ziendelee kuishi wakati figo zinamaliza kazi yao. Dozi iliyorukwa usiku haifidiwi vilivyo asubuhi. Mtoto akitapika kidonge chake, muuguzi aambiwe dakika hiyo hiyo, apewe kwa mshipa. Damu hupimwa kila siku kuona kiwango cha dawa, na leukovorini haikatizwi hadi kiwango kishuke chini ya mikromoli 0.1 kwa lita. Si kila hospitali ina kipimo hicho. Isiyo nacho haifai kuiga dozi za zile zilizo nacho. Itumie dozi ndogo zaidi, irefushe maji na leukovorini, na kupima kreatinini kila siku.

Mtoto mwenye maji yaliyojaa tumboni au kifuani lazima atolewe maji hayo kwanza. Methotreksati hujificha humo kama kwenye bwawa, halafu hurudi kwenye damu kidogo kidogo kwa siku nyingi. Watoto wenye hali ya Down nao huumizwa na dawa hii kwa urahisi zaidi, hata kwa dozi ambayo wenzao huimudu.

Kwa wenye maduka ya dawa mitaani tuna neno, na tunalisema kwa heshima kwa kuwa ninyi ndio mnaokimbiliwa kwanza. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hugombea na methotreksati mlango ule ule wa kutokea. Amoksilini na penisilini nyingine pia hugombea mlango huo. Omeprazoli, ambayo siku hizi huuzwa kama peremende kwa kila anayelalamikia tumbo, huichelewesha vilevile. Septrin ina ubaya maradufu, maana huichelewesha na tena hupunguza foleti. Hapa kuna mtego: watoto wengi wenye saratani ya damu hupewa Septrin na daktari siku mbili au tatu kwa wiki, kuzuia aina fulani ya nimonia. Hiyo mzazi asiiache kwa hiari yake. Daktari ndiye huisimamisha siku za dozi kubwa, na ndiye huirejesha.

Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto aliye kwenye kemo haitibiwi dukani kwa dawa yoyote. Hata Panadol, ambayo haiingiliani sana na njia hizi, huficha homa ambayo daktari anahitaji kuiona. Arudishwe hospitali usiku huo huo.

Dawa za kifua kikuu nazo zinahusika. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini kiasi kwamba vinkristini huvunjwa upesi kupita kiasi na kupungua nguvu. Dawa za kifafa za fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini hufanya hivyo pia. Itrakonazoli, inayotibu fangasi, na ritonavia iliyo katika baadhi ya dawa za Ukimwi, hufanya kinyume: huvifunga vimeng'enya hivyo, na vinkristini hubaki mwilini muda mrefu. Mtoto huanza kulalamika maumivu ya taya, hufunga choo siku tano, hushindwa kuinua vidole vya miguu anapotembea. Akifunga choo, asiingizwe maji ya sabuni njia ya haja kubwa. Mchubuko mdogo pale, wakati seli nyeupe ziko chini, unaweza kuwa mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu. Apewe dawa ya maji ya kulainisha choo iliyoandikwa na kliniki.

Kuna kosa la vidonge ambalo limeua watu katika nchi nyingi. Methotreksati ya vidonge kwa watoto wa saratani ya damu ni ya mara moja kwa wiki. Mtoto wa mita ya mraba 0.67 aliyeandikiwa miligramu 20 kwa kila mita ya mraba atameza vidonge vitano vya miligramu 2.5, siku moja tu, halafu basi hadi wiki ijayo. Akipewa kila siku, figo hazitawahi kuitoa. Anayetoa dawa dirishani aandike jina la siku kwenye pakiti: IJUMAA. Asiandike "1x1" kisha amwachie bibi wa mtoto akisie.

Merkaptopurini, ambayo huandamana nayo, ndiyo ya kila siku, jioni. Kidonge chake ni cha miligramu 50, na dozi za watoto mara nyingi hazilingani na kidonge kizima, kwa hiyo hupangwa kwa wiki. Aliyeandikiwa miligramu 40 kwa siku anahitaji 280 kwa wiki: kidonge kizima siku nne na nusu siku tatu hutoa 275, ambayo inatosha. Kikatwe kwa glavu, juu ya karatasi itakayotupwa, mbali na ubao wa kukatia sukumawiki. Kisisagwe.

Mwili huimaliza dawa hii kwa vimeng'enya, sio figo. Baadhi ya watoto hurithi kimeng'enya cha TPMT kilicho dhaifu, na kwao dozi ya kawaida hushusha seli za damu vibaya ndani ya wiki chache. Hao hupunguziwa dozi, wakati mwingine sana, na bado hupona, kwa sababu kidogo kwao ni kingi. Alopurinoli, inayotolewa mwanzoni kuzuia asidi ya yuriki, huziba njia nyingine ya kuivunja. Zikilazimika kwenda pamoja, merkaptopurini hushushwa hadi robo au theluthi. Kuna wazazi hufurahi kila hesabu ya seli za damu ikiwa juu. Katika kipindi hiki lengo si juu: nyutrofili, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, takriban 750 hadi 1500 kwa kila mikrolita ya damu ndiyo shabaha, kulingana na mwongozo wa hospitali. Mtoto ambaye damu yake haishuki kamwe huenda mwili wake unaitoa dawa upesi, au huenda anaitema nyuma ya kochi. Daktari aambiwe ukweli kabla hajaongeza dozi.

Siklofosfamidi, dawa nyingine ya kemo, humezwa au hudungwa ikiwa haina nguvu, na ini ndilo huiwasha. Mabaki yake, akrolini, hukusanyika kwenye kibofu na kukichubua. Mtoto anywe maji kwa wingi na akojoe kila baada ya saa mbili, aamshwe na usiku. Kwa dozi kubwa huongezwa mezna, inayoikamata akrolini ndani ya mkojo. Hapa wazazi huchanganya rangi mbili. Doksorubisini, nayo dawa ya kemo, hugeuza mkojo kuwa mwekundu au wa machungwa siku ya kwanza na pengine ya pili, bila maumivu, kisha rangi hupotea. Hiyo ni dawa inatoka. Mkojo mwekundu wenye maumivu, au wenye mabonge, au unaokuja siku kadhaa baadaye, ni damu, na safari ya hospitali haingoji kliniki ijayo.

Sisplatini, nayo ya kemo, huacha alama figoni na masikioni. Magnesiamu huvuja na mkojo kwa wiki nyingi, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio hupoteza kusikia kwa urahisi zaidi, wakianza na sauti nyembamba kama za "s" na "f". Kipimo cha masikio kifanywe kabla ya dozi ya kwanza na kirudiwe njiani.

Kuhusu majani, mizizi na unga wa chupa unaouzwa kwa jina la kusafisha sumu ya kemo: vyenye kuharisha humkausha mtoto maji, na maji ndiyo figo zake zinayahitaji. Vingine hupitia ini lile lile linaloivunja dawa. Hatuwagombezi wazazi. Tunaomba tu walete hiyo chupa kliniki tuione.

Kile kinachotoka kwa mtoto ni dawa bado. Kwa saa 48 baada ya kemo, na kwa baadhi ya dawa zaidi ya hapo, mkojo, choo na matapishi yashikwe kwa glavu. Nepi ifungwe ndani ya mifuko miwili na itupwe, isichomwe uani. Mtoto akitumia choo cha ploti, kimwagiwe maji mara mbili na sehemu ya kukalia au kukanyagia ioshwe. Shuka zilizolowa zifuliwe peke yake. Mwanamke mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Maji yakikatika mtaani, ndoo mbili ziwekwe akiba kabla ya siku ya kemo. Sabuni ya kawaida na maji hutosha kwa mikono. Vitakasa mikono vya spiriti haviondoi dawa hizi.

Ombi letu kwa hospitali zote za Nairobi zinazotoa kemo kwa watoto ni karatasi moja, kwa Kiswahili, itakayobandikwa ndani ya kitabu cha kliniki cha kila mtoto. Iwe na jina la dawa aliyopewa na tarehe, kama inatoka kwa figo au kwa ini, siku ambazo uchafu wake unahitaji glavu, na dawa za dukani asizopaswa kuuziwa. Mwenye duka la dawa aiombe kabla hajafungua droo. Nambari ya simu ya wodi iandikwe juu kabisa, kwa wino, pamoja na jina la zamu inayoipokea usiku.

Wafamasia na wauguzi wa saratani ya watoto,
Nairobi